Rangi Nyekundu Chini ya Mpini

Haltom City
14 Januari 2024

Kwa shemeji yangu mpendwa Njoroge,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila baridi ya wiki hii imetulaza na makoti kama watu walio safarini. Mume wangu Gracien anakohoa, lakini anavyokula, sina wasiwasi naye. Na ninyi huko Katy? Mguu wa mdogo wangu Kethia unaendeleaje? Watoto je? Nasikia sasa ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Waambie mama yao mkubwa anakuja na fimbo.

Usishangae kupata barua ya mkono. Nikikutumia sauti kwa simu, Kethia ataisikiliza jikoni na majirani wataisikia, na jambo hili nataka ulisome peke yako, umetulia. Gracien anapita Houston na lori kila Alhamisi, kwa hiyo posta tunayo nyumbani.

Shemeji, mwaka jana ulipouziwa mtandaoni ule upanga wa Kijapani, kisha wajuzi wakakuambia ni wa bandia, umetoka kiwandani juzi tu, nilikucheka mpaka mbavu zikauma. Nilisema Njoroge akidanganywa, nani atapona? Sasa nimekuja kwa unyenyekevu. Kethia anasema tangu siku hiyo unasoma vitabu vya panga kuliko Biblia, na wale wazee wanaokusanya panga huko Houston wamekupokea kwenye mikutano yao.

Unajua namhudumia mzee mmoja hapa Fort Worth, Mzee Harlan. Moyo wake umechoka, lakini akili iko sawa na mdomo pia. Ana upanga. Baba yake alikuwa askari wa kuhudumia majeruhi, akapelekwa Japani vita ilipoisha mwaka 1945. Wajapani waliamriwa kusalimisha silaha zote. Daktari mmoja wa huko akamkabidhi huyo baba upanga wa ukoo wake, mkono kwa mkono, akamwomba kwa ishara autunze. Baba akaahidi kwamba iko siku ataurudisha. Maisha yakaingia, hakuurudisha. Alipokufa alimwachia Harlan upanga na ahadi yake.

Sasa mzee ana kaka yake, Wendell, anaishi Lubbock. Huyo amesema tangu ujana kwamba baba yao alikuwa mwongo, kwamba upanga aliuokota kwenye rundo kama askari wenzake, na habari ya daktari aliitunga ili aonekane mtu mwema. Ndugu hawa wamezeeka wakigombania hilo. Mzee Harlan anataka, kabla hajafa, ajue upanga ni wa nani, aurudishe kwa wenyewe. Wanunuzi wanampigia simu, anawakatalia. Anasema kama wenyewe hawatapatikana, afadhali aununue mtu atakayeupenda.

Nikamwambia, mimi nina shemeji. Kampuni yetu haitaki tuguse mali za wagonjwa hata kijiko, kwa hiyo mzee amemkabidhi Gracien mwenyewe na kuandika karatasi. Lakini aliyekutaja ni mimi, na mzee amekuamini kwa sababu ananiamini mimi. Uangalie vizuri, uniandikie. Usiniaibishe.

Hao ndagala, dagaa wakavu niliowafunga pamoja na upanga, ni wa Kethia. Wewe onja tu.

Shemeji yako,
Cécile


Katy
11 Februari 2024

Shemeji Cécile,

Salamu sana. Sisi tuko salama. Mguu wa Kethia umepona, amerudi kwenye zamu zake na amerudi kunigombeza pia, kwa hiyo nyumba iko kawaida. Mwambie Gracien anywe tangawizi, aache kujifanya chuma. Ndagala sikuonja. Nilikula.

Upanga umefika. Nimelifungua lile blanketi polepole, mezani. Nikueleze nilivyofanya ili umsimulie mzee.

Mwenyekiti wetu wa mikutano ni daktari wa meno mstaafu, amekusanya panga tangu ujana wake. Alinifundisha mambo mawili: nunua vitabu kabla ya kununua upanga, na utazame upanga wenyewe kabla ya kusoma karatasi zake, maana karatasi zinaweza kudanganya. Kwanza unatazama umbo. Chuma hukigusi kwa kidole, jasho litaacha kutu. Mkunjo wa huu umetulia, hauna haraka. Kisha nikazima taa zote sebuleni, nikabakiza balbu moja, nikauinamisha chini yake polepole. Shemeji, kandokando ya makali kuna mstari mweupe kama ukungu wa asubuhi kule kwetu Limuru. Mhunzi anaupata kwa kupaka udongo kwenye chuma kabla ya kukichoma na kukizamisha majini. Ule upanga wangu wa uongo nao ulikuwa na mstari, lakini ulichorwa kwa tindikali. Ukiuinamisha, mstari unalala palepale. Huu wa mzee unatembea, na ndani yake kuna chembe zinazometa. Kethia alinikuta nimepiga magoti, akaniuliza tangu lini ninasali kwa moyo hivyo.

Sasa, habari yote ya upanga iko chini ya mpini. Kuna kijiti cha mwanzi kinachoushikilia. Ukikitoa, mpini unachomoka na unaona shina la chuma, na hapo ndipo mhunzi huweka saini yake. Kijiti kilikuwa kimekwama, nikakibembeleza jioni mbili. Mpini ulipotoka nilisikitika. Chuma chote kimevaa kutu nyeusi, na juu ya kutu kuna michirizi myekundu iliyokauka, inabanduka vipande vipande. Unajua kazi yangu. Miaka yote hii niko kule chini hospitalini, chumba cha kusafisha vyombo vya upasuaji, na damu iliyokauka naijua hata nikiwa nimefumba macho. Nikasema, hii ni ya vita. Mzee wa watu amekaa na damu ya mtu nyumbani kwake maisha yote, si ajabu hana amani.

Sikuweza kuiacha. Nina dawa ileile tunayotumia kazini, nilijinunulia chupa. Nikaloweka, nikasugua kwa burashi ya waya, nikaloweka tena. Maji yalitoka mekundu, halafu ya kahawia, halafu safi. Sasa shina linang'aa kama mkasi mpya, na saini ya mhunzi, herufi mbili za kuchongwa, unaiona ukiwa umesimama mlangoni. Kisha nikaupaka mafuta ya karafuu, maana Wajapani hupaka hayo, na sasa nyumba nzima inanukia pilau.

Nadhani ni wa kweli, na ni wa zamani sana. Mwezi wa tatu nitampelekea mwenyekiti. Na nikuambie kitu, usicheke: kama wenyewe hawatapatikana, nitaununua mimi, hata tukila ugali na chumvi. Nimeupenda, shemeji.

Shemeji yako,
Njoroge


Haltom City
21 Februari 2024

Shemeji Njoroge,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Sisi wazima. Gracien amekunywa tangawizi, sasa anakohoa huku analalamika.

Barua yako imemfufua mzee! Nilimwambia umesema upanga ni wa kweli na wa zamani, akaniomba nirudie. Habari ya damu sikumwambia, nilihofia moyo wake. Siku ile alikula sahani nzima, akaomba na pichi za kopo.

Sasa sikiliza. Jana alikumbuka kitu. Alipokuwa mtoto mdogo baba yake aliufungua upanga mezani, akamwonyesha chini ya mpini. Anasema pale kuna jina la yule daktari, au la baba yake daktari, limeandikwa kwa rangi nyekundu. Daktari mwenyewe alilionyesha kwa kidole siku ile ya kukabidhi, akajigonga kifua, maana yake ni mimi, ni sisi. Hiyo ndiyo sababu baba yao alisema daima: kurudisha si kazi, jina limo ndani. Wendell hakuwahi kuliona, alikuwa shuleni, na tangu wakati huo kijiti kikakwama, hakuna aliyefungua tena.

Nimesoma barua yako mara mbili. Wewe uliandika kwamba ile michirizi ilikuwa damu. Basi jina litakuwa upande wa pili, au chini karibu na saini. Wewe ni mtu wa macho, utaliona. Lipige picha kubwa, uitume na Gracien. Mzee anataka Wendell aione kwanza, kabla ya Wajapani. Amenunua fremu tayari.

Mungu akubariki kwa kazi hii.

Shemeji yako,
Cécile


Haltom City
7 Aprili 2024

Shemeji,

Hamjambo? Sisi tupo. Pasaka imepita, hukupiga simu hata ya kutania. Gracien anasema kila Alhamisi akikuuliza una barua, unamwambia wiki ijayo, na unatazama matairi ya lori. Kethia anasema uko mzima, unakula, unaenda kazini. Basi ni nini?

Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wanavyosema. Mzee ananiuliza kila nikiingia, hata kabla sijavua koti. Fremu iko kwenye kiti chake. Nimemdanganya mara moja kwamba mkutano wenu umeahirishwa, na sipendi kumdanganya mtu ninayemwogesha.

Niandikie hata mistari miwili.

Shemeji yako,
Cécile


Katy
28 Aprili 2024

Shemeji Cécile,

Salamu. Natumaini hamjambo. Sisi wazima.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi, mfanyakazi mwenzetu mmoja ameacha na zamu zake zimeniangukia. Mwenyekiti ameutazama upanga. Amesema ni wa kweli, huenda una miaka mia nne au zaidi, na saini ile anaiamini, ingawa wahunzi wengi walitumia jina hilohilo.

Kuhusu jina la rangi nyekundu, nimetazama pande zote mbili. Halipo. Miaka karibu themanini ni mingi, na rangi hubanduka. Mwambie mzee pole sana. Kwa saini ya mhunzi peke yake huwezi kumpata mwenye upanga.

Msalimie Gracien.

Shemeji yako,
Njoroge


Haltom City
12 Mei 2024

Shemeji Njoroge,

Salamu. Hapa hatuko wazima sana.

Nilimsomea mzee ujumbe wako. Aliitazama ile fremu tupu. Halafu akasema, "Basi nililiota." Nikamwambia hapana, mzee, rangi hubanduka, shemeji yangu anasema hivyo. Akasema mtoto anaweza kuambiwa kitu mara nyingi mpaka aamini amekiona. Akapiga simu Lubbock mbele yangu. Akamwambia Wendell, "You were right about Daddy." Maneno hayo tu, kwamba kuhusu baba yao Wendell ndiye aliyekuwa sahihi. Sijui kama Wendell alifurahi. Hakukata simu, nikasikia televisheni yake kwa nyuma.

Tangu siku hiyo picha ya baba yao ameiondoa ukutani, amenipa nikaiweke kabatini na shuka. Dawa anakunywa nikimlazimisha. Muuguzi wa moyo alikuja akaniuliza kuna msiba gani hapa nyumbani. Shemeji, mzee huyu alikuwa na baba mpaka mwezi uliopita, sasa hana.

Na anasema upanga uuchukue wewe. Ulipe unachoweza, au usilipe, hataki tena kuuona. Amesema wewe ni mtu mwaminifu, maana mwingine angebuni jina lolote ili amfurahishe. Basi umepata ulichokitaka, hongera.

Nakuuliza kitu kimoja, sitauliza tena. Ile damu uliyoisafisha, ilikuwa damu?

Shemeji yako,
Cécile


Katy
16 Mei 2024

Shemeji Cécile,

Nisamehe kwa kukosa salamu. Gracien ananisubiri kituo cha mafuta na lori linaunguruma, nami naandika juu ya usukani.

Haikuwa damu.

Niliposoma barua yako ya Februari, ile ya jina jekundu, nilikuwa nimekaa kitandani na nikajua palepale. Sikuhitaji kutazama upande wa pili. Niliyakumbuka maji mekundu kwenye beseni. Nilijua nimemwaga jina la mtu kwenye sinki la bafuni kwangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini ngoja nikuambie lililo baya zaidi, kwa sababu nikiliacha sasa sitalisema tena. Kabla sijaona aibu, niliona furaha. Ilikuwa fupi sana, lakini niliiona. Nilisema moyoni: basi wenyewe hawatapatikana, utakuwa wangu.

Ndiyo maana sikuweza kuandika. Kila nikishika kalamu nilijiuliza kama kweli nilikosea kwa ujinga, au mkono wangu ulijua unachofanya. Hata leo sijui kwa hakika. Nadhani ulikuwa ujinga. Vitabu vyangu vinasema, tena kwa herufi nzito, kwamba kutu ya shina haiguswi. Nilikuwa nimesoma. Lakini nilipoona uchafu kwenye chuma nilisahau kitabu, nikafanya ninachofanya kila siku ya kazi yangu.

Na sikuishia hapo. Mwenyekiti alipouona alivua miwani, akaivaa tena, akaniuliza, "Nani amefanya hivi?" Nikamwambia ulinifikia hivyo. Akanipa pole! Akasema kutu ile ndiyo umri wa upanga na hakuna anayeweza kuirudisha, na kwamba zamani watu waliandika majina hapo kwa rangi nyekundu ya utomvu wa mti. Akanionyesha picha kitabuni. Ilikuwa michirizi yangu ileile, inashuka kutoka juu kwenda chini. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Kisha nikaja nyumbani nikakuandikia kwamba rangi hubanduka.

Nilidhani ninaficha kosa langu tu. Sikujua kwamba ninamzika baba wa mtu.

Jumamosi ninakuja. Usimwambie mzee wewe, niachie mimi, tafadhali. Na Kethia hajui. Nitamwambia leo jioni.

Shemeji yako,
Njoroge


Katy
22 Mei 2024

Shemeji Cécile,

Salamu kwako na kwa Gracien. Kethia anakusalimu. Mimi hanisalimu bado, lakini chakula ananipa.

Najua kwa nini ulifungua mlango wa mzee, ukanionyesha kiti kwa kidevu, ukaenda kukaa kwenye gari lako. Sikulaumu. Lakini yaliyosemwa ndani uyajue kutoka kwangu, usiyasikie nusunusu.

Nilimwambia mzee yote nikiwa nimesimama. Hata ile furaha nilimwambia. Alinisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Kwa hiyo palikuwa na nyekundu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Palikuwa."

"Uliiona wewe? Kwa macho yako?"

"Niliiona kwa macho yangu. Niliisugua kwa mkono huu."

Akaniamuru nivue mpini pale pale mapajani pake. Akasema nimwonyeshe ilianzia wapi. Nikaweka kidole juu kidogo ya tundu la kijiti. Iliishia wapi? Nikamwonyesha. Safu moja au mbili? Nikakumbuka zilikuwa mbili, moja ndefu na moja fupi, na nikashangaa kwamba nilizikumbuka, maana siku ile niliona uchafu tu. Mzee akaweka kidole chake pale kwenye chuma kitupu, chuma ambacho hakiguswi, na sikuthubutu kumkataza. Akakipitisha juu hadi chini. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Akasema, "He told the truth. The old man told the truth." Baba yake alikuwa amesema kweli.

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Hapo uso ukabadilika, shemeji. Akasema hapana. Akasema kunisamehe kutanipa ruhusa ya kwenda nyumbani na kusahau, na mimi siwezi kuruhusiwa kusahau, kwa sababu katika dunia hii walio hai waliowahi kuona jina lile ni watu wawili tu, na mmoja wao anakufa.

Nikampigia Wendell mbele yake. Nilipoanza kueleza, akaniuliza ndugu yake amenilipa kiasi gani. Akakata.

Mzee hakushangaa. Akasema nitapata nafasi nyingine ya kumwambia. Na upanga amekataa kuniuzia. Amesema utakaa kwangu, lakini si wangu: niwatafute wenyewe kwa ile saini na kwa habari ya daktari, mpaka nichoke, na nikichoka niendelee. Nimeanza. Mwenyekiti nimemwambia ukweli. Hakunipa pole mara hii, lakini amenisaidia kuandika barua za kwenda Japani.

Nilipotoka ulikuwa umeegemea usukani. Niligonga kioo, hukufungua. Nitagonga tena siku nyingine.

Shemeji yako,
Njoroge


Haltom City
18 Septemba 2024

Shemeji Njoroge,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima. Sisi tunaendelea, ila nyumba ninayofanyia kazi sasa iko kimya. Habari ya msiba umeipata kwa Kethia. Mzee alikufa Jumatatu asubuhi nikimchanganyia uji, aliniita, nikaja, akawa ameshakwenda. Hakuteseka. Pole kwetu sote.

Gracien anakuletea barua hii kwa sababu kuna mambo mdogo wangu hawezi kukuambia kwa niaba yangu.

La kwanza, mimi pia nina dhambi yangu. Ile Februari mzee aliposema neno nyekundu, nilikuwa nimesimama na taulo mkononi, na barua yako ya maji mekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua, Njoroge. Nikajiambia jina liko upande wa pili. Wewe ni mume wa mdogo wangu, na aliyekuleta kwa mzee ni mimi, na kama wewe umeharibu, mimi nimeharibu. Nikamwacha anunue fremu. Baadaye nikamwacha aondoe picha ya baba yake ukutani. Kwa hiyo nilipokaa garini siku ile sikuwa nimekukasirikia wewe peke yako. Mzee nilimwambia haya mwezi wa saba. Aliniambia nimsogezee mto.

La pili, barua zako za kwenda Japani alikuwa akiziuliza mpaka wiki ya mwisho. Nikimwambia hakuna jibu, anasema sawa, bado anatafuta. Wageni wote waliokuja kumwona, mchungaji, muuguzi, hata mtu wa kukata majani, aliwaambia kuna mtu Houston aliyeliona jina. Hakuwaambia ulilifuta. Alisema hilo ni lako kulisema.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi, Fort Worth, kanisa nitamwelekeza Gracien. Mchungaji alipouliza nani atazungumza juu ya marehemu, tukamwonyesha karatasi aliyoiacha mzee. Ina jina moja, lako. Hakutaka nyimbo nyingi, hakutaka sifa. Anataka usimame useme ulichokiona chini ya mpini, na ulichokifanya, chote, kwa Kiingereza cha kueleweka, mbele ya watu wasiokujua. Najua unaogopa kusimama mbele za watu. Najua watakutazama vipi, mtu mweusi anakiri jambo la upanga wa mzee wao kwenye mazishi yake. Kampuni yangu nayo itakuwepo, itasikia nilivyoingilia mali ya mgonjwa, na huenda Jumatatu nisiwe na kazi. Njoo hivyo hivyo.

Wendell amefika jana kwa basi. Ana miaka themanini na moja, anatembea kwa fimbo mbili. Hajalia. Ameniuliza tu kama ni kweli yule Mwafrika wa simu atakuja, nikasema atakuja. Usiku wote amekaa kwenye kiti cha ndugu yake. Leo asubuhi nimemkuta ametoa picha ya baba yao kabatini, ameilaza mapajani kifudifudi, hataki kuigeuza.

Atakaa mstari wa mbele. Ukisimama, usinitazame mimi. Mtazame yeye.

Shemeji yako,
Cécile